Dawa ya Masikio

Kibiti, Jumatano mchana

Gervas mwanangu,

Salamu tuziache. Asubuhi tumeamkiana, chai tumekunywa pamoja, na saa hii umekwenda kumuaga Mzee Mkumba jirani yetu, ambaye najua atakuchelewesha. Atakuuliza unasafiri lini, utamjibu kesho, atakupa habari za mpunga wake mwaka huu, kisha atakuuliza tena unasafiri lini. Kwa hiyo nina kama saa mbili. Nimetoka zamu mapema, nimevua viatu, nimekaa kwenye meza ya kulia naandika kwenye karatasi za kituo cha afya ambazo sikupaswa kuzibeba.

Mambo ya chandarua na ya kuchemsha maji sikuandikii. Una miaka ishirini na mitatu. Usipochemsha utaharisha, na ukiharisha utakumbuka. Mjomba wako huko Dar utamsalimu, chakula chao utakula bila kuchagua. Hayo yamekwisha.

Nakuandikia kwa sababu nimeiona fomu.

Ulipoingia bafuni asubuhi nilikuwa napanga mashati yako kwenye begi. Chini nikaikuta ile bahasha ya kaki yenye fomu zako tatu. Nazijua kwa moyo. Moja ni ya chuo chako cha zamani, ambacho siku hizi kinawakubali tena waliofukuzwa kwa kufeli, mradi wamekaa nje miaka miwili na wako tayari kuanza mwaka wa kwanza upya. Ya pili ni ya kile chuo kipya cha udaktari cha watu binafsi, maana tangu mambo yawe ruksa hata vyuo vinafunguliwa. Ya tatu ni ya chuo cha matabibu kule bara, miaka mitatu, ukitoka hapo unapangiwa zahanati na hakuna anayekuita daktari isipokuwa wagonjwa. Mwisho wa kuzipokea ni Ijumaa. Utapeleka moja, au hutapeleka hata moja.

Wiki mbili nimekuuliza unataka ipi. Wiki mbili umenijibu, "Yoyote tu, mama. Wewe unaonaje?"

Basi mimi nikaona. Jumapili, ulipobaki kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, niliichukua fomu ya chuo cha zamani nikaijaza yote. Niliuiga mwandiko wako, hata ile "r" yako inayolala chali. Nikakuwekea sahihi. Nikairudisha chini ya zile mbili tupu, nikapanga kwamba nitakuambia kesho stendi, dereva akiwa ameshawasha gari, ili usipate muda wa kubishana.

Leo nimeikuta fomu ile ile imesahihishwa. Penye mahali pa kuzaliwa mimi niliandika Kibiti, kwa haraka tu, kwa sababu ndipo tunapoishi. Wewe umekata neno langu kwa mstari mmoja ulionyooka na juu yake umeandika Salale. Kwingine kote hukugusa. Sahihi ya kughushi hukuigusa. Ina maana uliiona, ukaisoma kutoka juu mpaka chini, ukanisahihisha kosa moja, ukaikunja, ukairudisha pale pale. Kisha ukaja mezani ukala wali wa nazi ukaniambia leo mtamu.

Na ina maana kwamba Ijumaa ulikuwa unakwenda kuipeleka.

Ungependa nikuambie nililia. Sikulia. Nilikunja shati lililobaki, nikafunga begi, nikaenda kazini nikapima watoto uzito. Mama mmoja akaniuliza kama naumwa, nikamwambia hapana, na ilikuwa kweli. Siumwi. Miaka miwili hii nyumba yetu haiumwi na wala haijapona. Tunakula, tunafua, wewe unafundisha wale watoto tuisheni ya hesabu barazani, mimi nakwenda zamu. Mtu akipita anatuona tuko salama.

Ngoja nikuambie nilivyoingia kazi hii, maana nadhani nimekuambia vibaya. Huwa nakuambia niliitwa na Mungu. Mungu hakuwepo pale. Tulikuwa wasichana wa darasa la nane kule Mahenge, tumepangwa uani kwenye mistari miwili, na mtawa mkuu akapita katikati yetu na kijiti. Wewe ualimu. Wewe uuguzi. Wewe uuguzi. Wewe ualimu. Kilipofika kwangu kikasema uuguzi. Mimi nilikuwa napenda hesabu. Sikusema, kwa sababu hakuna aliyeuliza, na kwa sababu kijiti kilikuwa kimeshapita. Nikasoma, nikafaulu, nikapangiwa Rufiji ambako sikumjua mtu, nikaolewa na mwalimu aliyepangiwa Rufiji ambako naye hakumjua mtu, nikamzika huku huku ukiwa na miaka mitano. Kazi niliiweza. Hilo ndilo lililoniharibu. Ningeshindwa, ningejifunza mapema kwamba mtu huulizwa kwanza. Kwa kuwa niliweza bila kuulizwa, nikadhani kuuliza ni kupoteza muda.

Halafu pale Salale, kwenye mikoko nilikopangiwa kwanza na ulikozaliwa, kila aliyevaa nguo nyeupe ni daktari. Wiki ya kwanza niliwarekebisha: mimi ni muuguzi. Wiki ya pili nikachoka. Wiki ya tatu mtu aliita daktari nikaitika, na nimeitika mpaka leo. Mama Daktari. Ukaanza shule ukaitwa mtoto wa daktari, na kwenye fomu yako ya darasa la kwanza, penye kazi ya mzazi, mwalimu alijaza hivyo nikamwacha. Nilijua si kweli. Nilichotaka ni wewe ukue uifanye kweli. Sikukupeleka kusomea udaktari, Gervas, nilikutuma ukanichukulie jina ambalo nilikuwa nimeshaanza kulitumia.

Sasa siku uliyorudi. Hatujawahi kuizungumza na nadhani tulikubaliana hivyo bila kusema. Nilikuwa jikoni, wali umeiva, nakaribia kuepua. Hukuandika kwamba unakuja. Nikakuona mlangoni na begi lako, na kabla sijakuuliza ukasema, "Mama, nimedisko."

Neno lile nilikuwa nimeshalisikia kwa vijana wa chuo, nilijua maana yake ni kuondolewa chuoni. Nikaepua sufuria. Kwa mikono mitupu nikaiinua motoni, nikaiweka chini taratibu, nikafunika. Ndipo ukapiga kelele, "Mama! Mkono!" Mimi nilikuwa sijui kitu. Ulinikamata, ukauzamisha mkono wangu wa kulia kwenye ndoo ya maji, ukaushikilia humo, nikitaka kuutoa unaurudisha. Muda mrefu sana. Kisha ukachukua sanduku langu la dawa ukanifunga bendeji, kila kidole peke yake, visigandane, ninavyofunga mimi. Hakuna aliyekufundisha hilo mwaka wa kwanza. Huko walikufundisha majina ya mifupa.

Niliyaona yote hayo. Na neno langu la kwanza kwako lilikuwa, "Sasa watu tutawaambia nini?"

Sikuuliza umekula. Sikuuliza ilikuwaje. Niliona aibu, na aibu ilikuwa kubwa kuliko moto. Kovu lile mpaka leo ukiligusa katikati sina habari.

Watu tukawaambia chuo kimefungwa. Lilikuwa rahisi kuaminika, maana wakati ule wanafunzi walikuwa wanagoma kila mara juu ya kuchangia gharama na vyuo vinafungwa kweli. Nilikukataza kutoka mchana. Mtu akikuona achukulie umekuja kutembea tu. Mwezi wa kwanza ulipita. Mwezi wa tatu wateja wa kliniki wakaanza kuniuliza, "Kumbe hakijafunguliwa tu, Mama Daktari?" Nawajibu serikali bado wanazungumza. Mwezi wa tano akaja likizo binti wa mwalimu mkuu, anayesoma Dar hiyo hiyo, na vijana wa stendi wakaupata ukweli wakaupeleka mtaa mzima kwa lile neno lao.

Siku ya pili yake Mzee Mkumba akabisha hodi na nazi mbili mkononi. Wewe ulikuwa chumbani. Akakaa, akavua kofia, akaanza kwa sauti ya msibani.

"Mama Daktari, nimesikia. Mtoto kacheza disko, wazungu wa chuo wakamfukuza. Sasa hilo ndilo la kumficha ndani miezi mitano? Mie ujanani nilikesha ngomani, nikirudi shamba mpunga wote ushaliwa na nguruwe. Babangu alinichapa, yakesha. Chuo gani hicho kinamtoa mtoto kwa ajili ya kucheza?"

Ukatoka chumbani, ukamwamkia. Akakutazama juu mpaka chini.

"Marahaba, mwanangu. Kwani weye ulicheza vizuri?"

"Sikucheza vizuri, babu."

"Aa. Basi ndiyo maana."

Ukacheka. Ni mara ya mwisho kukuona unacheka mpaka mabega yanatikisika, na hukucheka na mimi. Tangu siku ile ukaanza kutoka nje, ukaanza tuisheni, na mtu pekee aliyekuja kukutoa ndani alikuwa mzee aliyesikia neno moja akaelewa lingine. Mimi kazini nikalifanya kichekesho. Wiki nzima nawasimulia wenzangu, mnamsikia Mzee Mkumba, eti disko. Niliwachekesha sana.

Sasa sikiliza yaliyonipata leo saa tano.

Alikuja mzee mmoja na baka mgongoni, limepauka, halimwashi. Nikamkalisha kwenye benchi, nikatoa pamba. Kazi hii unaijua, umekua nayo: unasokota pamba mpaka inakuwa uzi, mgonjwa anafumba macho, unagusa ngozi hapa na pale, naye anaonyesha kwa kidole ulipogusa. Ngozi nzima ataonyesha. Kwenye baka la ukoma hataonyesha, maana hapo hana hisia. Huku unagusa unamuuliza lile neno langu la miaka yote, unasikia? Nikagusa bega, nikamuuliza, unasikia? Akaonyesha. Nikagusa baka. Unasikia? Kimya. Nikagusa tena. Akasema, bila kufumbua macho, taratibu kabisa, "Siku hizi hapo sisikii kitu."

Na mimi nikasimama na pamba yangu hewani, kwa sababu maneno yale nilikuwa nimeyasoma. Ulikuwa umeniandikia wewe.

Muhula wa kwanza, barua ya tatu. Najua hata ilivyokaa kwenye ukurasa. Uliandika kwamba unaendelea vizuri, kwamba chumbani mko watano, kwamba unakwenda vipindi vyote. Halafu: "Ila mama, siku hizi sisikii kitu." Halafu ukauliza habari za kuku.

Mimi nikasema, masikio. Ulipokuwa na miaka sita ulitoka usaha sikio la kushoto kwa kuogelea mtoni Salale, nikajua limerudi. Nilikwenda siku ile ile kwenye duka jipya la dawa pale barabarani, nikanunua kichupa cha matone, nikakizungushia pamba, nikakitia kwenye boksi la majani ya chai, nikamkabidhi kondakta wa basi. Ndani nikakuandikia: matone matatu kila sikio, asubuhi na jioni, na ujitahidi kukaa viti vya mbele.

Ukanijibu, "Asante mama, dawa nimeipata." Hukuandika kwamba umeitumia. Hukuandika tena kwamba husikii. Barua zako zikawa safi kabisa, salamu na kuku, salamu na kuku, mpaka mitihani, mpaka ya kurudia, mpaka ukasimama mlangoni na begi.

Nimeuliza watu neno hilo miaka ishirini na zaidi. Nimeliuliza kwenye mikoko yote ya Salale, nimepanda mtumbwi maji yakijaa na kurudi yakijaa tena ili nikaliulize. Kila siku ya Mungu nauliza watu kama wanasikia, na hakuna hata mmoja niliyemwangalia masikio. Mwanangu mwenyewe akaniandikia kwamba hasikii, nikamtumia dawa ya masikio.

Mzee Mkumba alikuwa na sababu. Disko ni neno la watoto wa mjini. Mimi sikuwa na sababu yoyote.

Mzee wa leo nilimaliza kumpima. Nilimchorea mpaka wa baka kwa kalamu, nikamuandikia vidonge, nikamweleza kwamba dawa za siku hizi zinaponya. Nikaomba ruhusa nikaja nyumbani. Njiani nikawa namfikiria Bi. Tatu.

Utamkumbuka Bi. Tatu wa Salale, aliyekuwa akikaanga kamba na kukuwekea kwenye kikombe. Ulikuwa na miaka minane, shule imefungwa, nilikuchukua kwenye mzunguko wangu wa kupima wagonjwa kwa sababu sikuwa na pa kukuacha. Kazi yako ilikuwa kushika kalamu. Bi. Tatu akafumba macho, mimi nikaanza, unasikia, nasikia, unasikia, nasikia. Anaonyesha vizuri, haraka. Nikafurahi, nikataka kumwandika mzima. Wewe ukasema, "Mama, hujamgusa."

Kweli, sikuwa nimemgusa. Nilikuwa nimeinama kuchukua pamba nyingine nikauliza kwa mazoea, naye akajibu nasikia na kidole ameshakiweka begani. Nikamuuliza, Bi. Tatu, kwa nini unanidanganya? Akafumbua macho, akatucheka wote wawili.

"Namwonea huruma mamako, mwanangu," akakuambia wewe, si mimi. "Kaja na maji yote hayo, na tope lote hilo, na mtoto mkononi. Nimwambie sisikii? Si atarudi analia?"

Tangu siku ile nilibadilisha namna ya kupima. Mara nyingine nauliza bila kugusa, nione kama mtu ananijibu ngozi yake au ananijibu uso wangu. Wanafunzi wanaoletwa kwangu nawafundisha hivyo, nawaambia wagonjwa wema ndio wabaya kupima. Nimelifundisha jambo hilo kwa watu wasionihusu, na nimelala nyumba moja na Bi. Tatu mwingine bila kumtambua.

Yoyote tu, mama. Sawa, mama. Wali mtamu leo. Dawa nimeipata.

Ulikuwa unaujibu uso wangu. Umeujibu tangu ulipokuwa mdogo, na mimi nilikuwa nikiondoka nimefurahi.

Sasa nikikuambia upeleke fomu gani, nitakuwa nimeuliza bila kugusa tena. Lakini pia siwezi kujifanya sina ninalolitaka, maana utalijua, wewe unaujua uso huu kuliko mimi. Kwa hiyo nakuandikia yaliyomo, yote, ukishayaona huna haja ya kuyakisia.

Chuo cha zamani nakitaka kwa ajili yangu. Nataka nimwambie Mzee Mkumba na wanawake wa kliniki kwamba chuo kimefunguliwa. Nataka uongo wangu ugeuke kweli, umechelewa tu. Hiyo ndiyo sababu yote, nimetafuta nyingine siioni. Wewe utakwenda kukaa kwenye benchi lile lile na watoto wa miaka kumi na tisa, na ukinyamaza tena kule hatakuwepo wa kukuelewa, maana hata uliponiandikia sikukuelewa.

Chuo cha binafsi sikijui. Nakiogopa kwa kuwa ni kipya, na nakipenda kwa kuwa hakuna pale anayejua ulidisko.

Ya matabibu niliidharau. Siku ulipoileta niliiweka chini ya kikombe cha chai, ukaona, ukaifuta maji bila kusema. Na aliyenifundisha kushika pamba alikuwa tabibu. Alikuwa akivuka Ndundu na baiskeli yake kwenye kivuko kwenda kuwaona wagonjwa wa Mohoro, na sijawahi kuona mtu mwenye mikono inayouliza vizuri vile. Nilimdharau mtu yule ndani ya mwanangu ili nibaki Mama Daktari. Hilo nalo lijue.

Na kutopeleka yoyote. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko yote, kwa hiyo usilihesabu kwamba halipo. Lipo. Ukirudi Jumamosi na bahasha yako, mlango huu una komeo lile lile. Na safari hii nitakuuliza umekula.

Ninacho pia kitu cha kukushawishi, nacho ni ule mkono ulivyoufunga. Miaka miwili nimekiweka akiba, niseme siku moja: unaona, wewe ni daktari wa kuzaliwa. Sitakisema. Labda ulifunga mkono wa mama yako tu. Mtu anaweza kumfunga mama yake bendeji akawa mwalimu wa hesabu.

Ile fomu niliyoijaza sikuichana. Niliishika nikitaka kuichana, nikaona nitakuwa nimekuamulia mara ya pili. Nimeirudisha kwenye bahasha pamoja na zile mbili tupu. Sahihi si yako, hilo unalijua. Ukitaka kuipeleka, futa yangu uweke yako. Usipeleke mkono wangu.

Lakini nimekaa nayo hapa mezani muda mrefu kabla ya kuirudisha, nikaisoma tena nilivyozoea kusoma ngozi ya mtu. Jina lako, nilikuandikia. Dini, nilikuandikia. Shule zote, alama zote, kwa nini unataka kuwa daktari, mistari sita, nilikuandikia yote sita. Nimekugusa kila mahali kwenye karatasi ile, na wewe umefumba macho, hukuonyesha. Juu, chini, pembeni, kimya.

Mahali pamoja tu uliinua mkono. Ulikata Kibiti ukaandika Salale.

Sijui maana yake. Pengine hukutaka uongo mdogo, ukauacha mkubwa. Pengine ni kamba za Bi. Tatu. Pengine ni kile kilichomfanya mtoto wa miaka minane aseme mama, hujamgusa. Sitakufafanulia, nimeshakufafanulia vya kutosha. Lakini ngozi inayosikia mahali pamoja haijafa, hilo nalijua kwa kazi, na mtu wa kazi yangu akipapata hapo huchukua kalamu akachora mpaka, kisha huanzia hapo.

Nakusikia unaagana na mzee langoni. Nakunja karatasi. Kesho stendi nitakuuliza neno langu moja, nikiwa nimekushika bega kabisa, si hewani. Kama husikii, niambie husikii. Nilikuja na maji yote haya, mwanangu. Naweza kurudi nalia.

Mama yako